Waya Niliouchomeka Kwenye Jina Lako

Zaituni mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia. Uko upande wa pili wa ukuta huu wa mbao, unakunja nguo na kuimba wimbo wako wa Kizulu ambao mpaka leo sijajua unasema nini. Ningeweza kugonga nikakuambia haya kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Ningeanza na jambo lenyewe, nikapitia mto Limpopo nilivyouvuka mpaka mamba akanionea huruma, ungecheka, nami ningefurahi kwamba umecheka, na jambo lingebaki halijasemwa. Basi naandika. Najua Kiswahili unakisoma kwa kuburuta kidole. Kiburute. Kiingereza changu ni cha kuuzia kava za simu tu, hakibebi mzigo huu.

Unahama kesho, lakini mausia ya kufunga mlango, kula ushibe na kuchagua marafiki nayaruka. Una akili kuliko mimi, na mimi, usisahau, ni mtu ambaye mwalimu wa darasa la tano kule Tanga alinifukuza kwa kuogopa nitachukua kazi yake. Ninalotaka kukuambia ni la ile rauta.

Laptop yako niliiunganisha mwenyewe kutokana na maiti tatu za laptop, na hakuna fundi mwingine Bellevue nzima angeithubutu. Ulipoanza chuo hapo ng'ambo ya barabara, wifi yao ilikuwa ikifika kwenye dirisha lako la juu peke yake. Ukishuka ngazi mbili, imekufa. Na chuo kilishasema: mwanafunzi mmoja, kifaa kimoja, na kila mtu anaingia kwa jina lake. Nyumba nzima ya wapangaji ikawa inakupandia wewe chumbani. Mama Divine anataka kuongea na wanawe Bukavu, Kabura anataka kuweka matangazo yake ya ushonaji, na mimi nataka mpira. Ulikuwa unasoma na watu wamekaa kitandani kwako kama wako hospitali wanamwona mgonjwa.

Ndipo nikasimama jikoni mbele ya wote nikasema: "Nipeni mpaka jioni."

Unakumbuka. Laptop niliiweka dirishani ipokee hewani, nikaiamuru itoe kwa waya kile inachokipokea. Waya ukapita kwenye tundu la sakafu, ukashuka mpaka ukumbini, ukaingia kwenye rauta niliyoinunua kwa Mzungu mmoja Randburg. Yule aliponitazama mikono tu aliniuliza kama nafundisha chuo kikuu. Rauta ikamgawia kila mwenye simu. Chuo kinaona kifaa kimoja, laptop ya Zaituni. Nyuma ya laptop kuna kijiji.

Siku ya kwanza ilikataa. Rauta na laptop zote zilikuwa zinajiita namba ileile. Ni kama mapacha waliopewa jina moja: ukiita wanaitika wote, na hakuna anayekuja. Nilihangaika nayo nikachoka, nikalala. Wewe ndiye uliyebadilisha namba ya rauta. Asubuhi taa zilikuwa za kijani zote, nami nikapokea pongezi. Ulikuwa umesimama pale na kikombe chako, ukanyamaza. Sijakushukuru kwa kule kunyamaza. Nakushukuru sasa.

Lakini kabla hujaibadilisha ile namba ulisema neno. Ulisema kwa Kiswahili chako hicho cha kuokoteza: "Mjomba, hii si sharp, si nzuri. Hapa watu wote watakuwa mimi."

Nikacheka. Nikakujibu: "Kwani ukiwa wengi unapungua nini?"

Watu jikoni wakacheka na mimi. Mama Divine akapiga makofi. "Eh papa! Umesema kama mubunge!"

Sasa nikueleze kwa nini nilicheka, maana sikucheka kwa ubaya. Baba yako, mwenyeji wa hapa, aliondoka kabla hujaota meno, lakini alikuachia kitu kimoja ambacho sisi wengine humu ndani hatuna: kitambulisho kinachokubalika kwenye kila dirisha la nchi hii. Ulipokipata tu, tukakigeuza mlango. Laini yangu ya simu imesajiliwa kwa jina lako. Ya Mama Divine vilevile. Ya Kabura pia. Mkataba wa nyumba, jina lako. Hata lile friji tulilolipeleka matengenezo, risiti ilikuwa ya Zaituni. Sisi wa kuja tunaishi hivyo. Mwenye karatasi mmoja, wapitao kumi, na hakuna anayeona ajabu, kama vile msikitini mtu hashangai kuazima kandambili za mwenzake kwenda kutawadha. Anazivaa, anarudi, anaziacha pale alipozikuta.

Nilidhani jina ni kandambili.

Kabura unamjua kwa kimya chake. Unajua pia kibanda chake kilivunjwa wakati wa baridi na wale vijana wanaopita nyumba hadi nyumba kugonga milango na kudai karatasi za wageni. Vitambaa vyake walivitupa kwenye mtaro, na yeye mwenyewe walimfanya avikanyage. Usilolijua ni kwamba walipopita mara ya pili, Kabura alikuwa nyuma ya pazia na simu yake. Akawapiga picha, sura zote. Kiongozi wao, yule mwenye kofia nyeupe wanayemwita Bra Sipho, alipatikana vizuri kuliko wote.

Sasa, chuo chenu kina ule ukurasa wa matangazo: chumba kinapangishwa, kitanda kinauzwa. Ukiingia kwa intaneti yao haukuulizi jina, unaandika tu. Kabura alikuwa akiutumia kila wiki kutangaza sare za shule. Wiki ile hakuweka sare. Aliweka picha, majina, kila mmoja kafanya nini, na nyumba ya Bra Sipho iko upande gani wa kituo cha mafuta.

Kesho yake alinifuata mezani kwangu pale soko la Yeoville.

"Muzee, nimeweka picha yao. Watu wote ya chuo wanaona."

"Umeandika jina lako?"

"Aka! Ile ukurasa haiulize jina."

Nikamshika mkono, nikamwambia umefanya jambo la kiume. Nikamnunulia soda. Na nitakuambia kweli, mwanangu, nilivimba. Nilijiona waya wangu umefanya kazi ambayo polisi hawajaifanya. Yale maneno yako ya jikoni hayakunijia hata kidogo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, najisifu kimoyomoyo, na jina lako lilikuwa limeshaanza kutembea mtaani peke yake.

Picha zilifutwa haraka. Kabura naye akafuata. Ulipoambiwa amekwenda Durban kwa kaka yake kwa kuwa mkewe mwenyewe amejifungua huko, hiyo ni kweli, amejifungua. Lakini mtu anayekwenda tu kumwona mtoto haachi kitambaa kimenasa kwenye cherehani.

Jumamosi iliyopita ulikwenda Midrand kukiona chumba chako kipya, karibu na kazi uliyoipata. Mchana, getini wakaja wawili, Bra Sipho na mwingine mdogo wake kwa umri. Hawakupiga kelele. Ningependa wangepiga kelele, ningejua la kufanya. Mimi nimeshawahi kumnyamazisha askari wa mpakani kwa kumtazama tu. Hawa walisalimia kwa adabu, wakaniita malume kama unavyowasikia watoto wa humu wakiwaita wajomba zao. Wakakuulizia kwa jina.

Hawakusema Zaituni. Waliyasema majina yako yote matatu, kwa mpangilio wa kitambulisho. Hakuna mtu mtaani anayekuita hivyo. Nilipoyasikia yamepangwa vile nikajua yametoka kwenye mashine.

"Hayupo," nikasema. "Amerudi kwao Tanga."

Bra Sipho akatabasamu. "Huyo hana Tanga, malume. Huyo ni wetu, amezaliwa hapa. Ndiyo maana imetuuma."

Yule mdogo akanionyesha simu yake. Kulikuwa na mstari wa namba, na mbele ya namba, wewe. "Dada yangu anafanya kazi chumba cha kompyuta pale chuoni," akasema. "Ukurasa hauulizi jina, lakini mashine inaandika."

Nikawaambia nyumba hii ina watu wengi.

"Tunajua," Bra Sipho akasema. "Jina ni moja."

Kisha akanipa hongera. Nikauliza ya nini. Akasema amesikia mtoto amepata kazi kubwa Midrand, kampuni ya malori, ofisini, ghorofa ya pili. Amesikia wapi? "Kwako, malume. Uliwaambia watu wote pale spaza. Ulituambia hata rangi ya jengo."

Ni kweli, Zai. Nilisema. Mwenye kile kiduka cha spaza alikuwa anamsifu mwanawe anayeuza bima, nikaona haiwezekani, nikalitoa jengo zima, na lifti yake, na dirisha utakalokaa. Siku hiyo nilisema kweli tupu bila kuongeza kitu, na ndiyo kweli iliyowafikia.

"Midrand si mbali," akasema. "Gari lipo." Akalifunga geti taratibu, akahakikisha komeo limeingia, kama mtu anayeondoka kwake.

Tangu siku ile sijalala vizuri. Nilipanda chumbani kwako kabla hujarudi, nikachomoa waya. Nikawaambia watu rauta imeungua. Juzi Mama Divine alinijia juu ukumbini: "Papa, weye ni fundi ya namna gani? Internet inakufa wiki muzima na weye unakunywa chai!" Ulinitazama, nikaona umeshangaa. Mjomba Rajabu anatukanwa ufundi wake na anakoroga chai. Ulipotaka kwenda chuoni kuchukua cheti nikakwambia wamefunga. Hawakufunga. Ulipopanga kuondoka Jumatatu na teksi nikakwambia kuna bakkie, pikapu ya rafiki yangu, Jumapili alfajiri, bure. Rafiki nimemtafuta jana.

Kuna gari jeupe limekuwa likisimama pale kwenye robot, zile taa za barabarani, upande wa duka la nyama. Taa inakuwa kijani nalo haliondoki. Huenda ni mtu anamsubiri mkewe. Leo lilikuwepo asubuhi, na jioni lilikuwepo.

Utaniuliza kwa nini nisiwaambie ni Kabura. Nimeliwaza hilo, sikufichi. Nimeliwaza nikiwa nimesimama, na nikiwa nimelala, na nikiwa kwenye swala, Mungu anisamehe. Kabura ana kichanga. Akitajwa, kwao Durban nako si mbali, sawa na Midrand. Na alichokiandika kilikuwa kweli, kila neno. Kosa lake ni kuamini waya wangu hauna mwenyewe, na mimi ndiye niliyemwaminisha. Kila aliyeingia nyumba hii nilimwambia: chomeka tu, hapa hakuna anayejulikana. Nililisema kama sifa.

Basi leo alasiri, ulipokuwa unasukwa na Mama Divine, nilichukua rauta nikaenda kwa Bra Sipho.

Nyumba yao ina maua mbele, hutaamini. Mama yake alikuwa anamwagilia, akanionyesha kiti. Mwenyewe akatoka na kandambili, anapiga mswaki. Nikaiweka rauta mezani nikamweleza, kwa Kiingereza changu kilekile cha kava, mwanzo mpaka mwisho: dirisha, laptop, waya, tundu, ukumbi. Nikamweleza vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza mtu yeyote, na sikuongeza hata Mzungu mmoja. Alielewa haraka. Ana akili yule kijana, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Kwa hiyo yeyote wa nyumba ile angeweza kuandika," akasema, "na kingetoka kwa jina la msichana."

"Yeyote. Lakini niliandika mimi."

Akaacha mswaki. "Wewe?"

"Picha nilipiga mimi. Majina niliandika mimi. Mtoto hajui. Jina lake nililipitisha kwenye waya akiwa darasani."

"Kwa nini?"

Hapo, mwanangu, nilitakiwa nitafute sababu, na ikaja yenyewe. "Kwa sababu naweza," nikasema. "Nani mwingine mtaa huu anaweza?"

Akaivuta rauta kwake. Anajua mtaa mzima unavyonijua. Nilitangaza mwenyewe, mdomo huu huu, kwamba mimi ndiye niliyeleta intaneti nyumba ile. Hakuna shahidi aliyenisikia nikisema fundi ni mwingine. Nikaona anaanza kuamini. Kisha mama yake akauliza kitu kwa Kizulu kutoka kwenye maua, naye akamjibu bila kugeuka, na sikupenda alivyomjibu.

Akasema: "Kesho saa kumi jioni uje ukumbi wa mtaa, useme hivyo mbele ya watu wote walioandikwa. Na yule msichana aje aseme kama ni kweli."

Nikamwambia hutakuwepo.

"Basi tutampigia."

Namba yako wanayo. Ilikuwa pamoja na jina.

Rauta ameibakiza kwake.

Sikuandiki haya ili ugeuze safari. Bakkie itakuja, panda. Usiende kwanza kwenye chumba ulichokiona. Yule binti uliyeniambia mtafanya naye kazi nimeongea naye, atakupokea kwa dada yake mpaka mtaa upoe. Sikumwambia kisa, nilimwambia bomba limepasuka. Siku ya kwanza kazini mwombe mkubwa wako akukalishe upande usio na dirisha la barabarani. Atauliza sababu. Mwambie kweli yoyote fupi.

Na laini zetu, nenda kazifunge. Ya kwangu, ya Mama Divine, zote. Tutalalamika, na tutasema umekuwa Mzungu. Wewe funga. Nimeishi nchi hii miaka mingi bila jina langu kuandikwa popote, nikiona ni ujanja. Polisi hawanijui, benki hainijui, mwenye nyumba hanijui. Sikujiuliza yale yote ambayo hayakuandikwa kwangu yanaandikwa wapi. Yalikuwa yanaandikwa kwa mtoto wa dada yangu, chumba cha pili, anayeimba.

Mama yako alipokuwa anakata roho pale hospitali alinishika mkono akasema neno moja tu, "Mtazame." Sikumwahidi kwa maneno, nilitikisa kichwa. Huwa nawaambia watu kwamba aliniachia wosia mrefu na dua. Ni neno moja.

Sasa nisikilize. Tangu umejua kusema, umekuwa ukinisahihisha mbele za watu. Mjomba, haikuwa simba, ilikuwa mbwa. Mjomba, hukushuka kwenye ndege, ulikuja na lori. Nikikasirika unacheka, na watu wanacheka, na kesho yake naanza upya. Sikuwahi kukwambia, lakini nilikuwa nikiongeza chumvi makusudi ili usahihishe.

Kesho saa kumi simu yako italia. Utasikia watu wengi nyuma, na huenda ukasikia sauti yangu, nikisema maneno makubwa. Hata kama sauti yangu haitakuwa sawa, usiulize nina nini. Utaulizwa swali moja: ni kweli mjomba wako ndiye aliyeandika?

Usinisahihishe.

Sema ndiyo, ni yeye, yeye yuko hivyo. Halafu kata simu, na usinipigie. Nikiweza nitapiga mimi.

Ukimaliza kusoma, ichane barua hii vipande vidogo, uvigawe kwenye mapipa mawili. Nasikia umenyamaza kuimba. Zima taa ulale, dereva anakuja mapema.

Mjomba wako,
Rajabu